Kilichomo Kwenye Dawa ya Baba

Dodoma,
3 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu niondoke? Natumaini u mzima, mgongo haukusumbui, na yule mbuzi amezaa salama. Mimi namshukuru Mungu nimefika, ila nyonga ilinikaba tangu Manyoni mpaka nikashushwa kwenye basi na watu wawili, mmoja kila mkono, kama bibi harusi.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako unaijua. Bila spika husikii, na ukiweka spika duka zima la Gasto linapata habari za nyonga yangu. Barua hii nampa kondakta, ataiacha hapo Issuna kwa Gasto. Na wewe ukijibu, mpe kondakta wa basi la kuja huku, nitaifuata stendi.

Wamenipokea kwenye utafiti. Daktari Peniel, mama mmoja mwembamba anayeusimamia, alinionyesha picha yangu ya MRI. Kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, kimekosa damu na sehemu yake imekufa. Siyo baridi yabisi kama tulivyokuwa tunasema. Mfupa wangu umekufa na mimi nipo hai. Bahati yangu ni kwamba haujabonyea, na utafiti ni wa watu kama hao tu. Ukishabonyea kinachobaki ni kuwekewa nyonga ya chuma, na kwa mtu wa miaka ishirini na minne chuma hicho kitachakaa mapema, nitapasuliwa tena na tena.

Wanachojaribu ni kutoboa tundu mpaka kwenye ile sehemu iliyokufa ili damu ipate njia. Nusu yetu watawekewa hapo uboho wao wenyewe, yaani ule ute wa ndani ya mfupa, uliochotwa kiunoni. Nusu watatobolewa tu. Kompyuta ndiyo inachagua, na wewe mgonjwa huambiwi uko upande gani mpaka miaka miwili iishe. Nimesaini. Siku yangu ni Jumatatu tarehe 24. Nataka kukanyaga cherehani tena, baba. Kule Mandewa nimeacha magauni saba ya watu kwenye mfuko, na mwenye gauni la kipaimara ananipigia kila siku.

Jambo moja. Wanaandika kila kitu tunachokula na kunywa. Nimewaambia natumia dawa yako ya mifupa, kijiko kimoja kila asubuhi tangu nimalize kidato cha nne. Wanataka majina ya mizizi iliyomo, na wamesema niiache kuanzia Jumamosi. Niandikie hayo majina, hata kwa Kinyaturu, wao watatafuta.

Wasalimie jirani wote.

Ni mimi mwanao,
Janeth


Issuna,
6/2/2025

Kwa mwanangu Janeth,

Marahaba mama. Hapa sote hatujambo, mvua imenyesha siku tatu mfululizo na alizeti imesimama vizuri. Mbuzi amezaa pacha. Mmoja nimempa jina lako kwa sababu anachechemea, usikasirike.

Nimefurahi wamekupokea. Mimi sikujua mfupa unaweza kufa peke yake ukamwacha mwenyewe, lakini wao ndio wasomi. Hayo mambo ya kompyuta kuchagua nani apewe na nani anyimwe siyaelewi, ila kama umesaini umesaini.

Kuhusu mizizi. Hiyo ni dawa ya babu yako, na babu yako aliniambia akiwa kitandani nisitaje majina yake kwa mtu asiyeichimba. Wewe mwenyewe tangu ukiwa mdogo umekaa juu ya ndoo yangu kwenye minada yote, Ikungi na kwingineko, ukinywa kijiko cha kwanza mbele za watu wote. Nilikuwa nasema, tazameni, huyu ni binti yangu wa kumzaa, kama ni sumu nimeanza na damu yangu. Nani mwingine sokoni anaweza kusema hivyo? Waambie ni mizizi mitatu ya porini, haina neno.

Wakisema iache, iache. Mgeni hachagui chakula. Ukitoka hapo kopo lako lipo.

Salamu kutoka kwa Mzee Leonidas, amekuja jana kuchukua makopo mawili.

Baba yako,
Simoni


Dodoma,
12 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote. Mimi si mzima sana, na hili naomba ulisome ukiwa peke yako, siyo pale dukani.

Dawa niliiacha Jumamosi kama walivyosema. Tangu Jumatatu natapika. Mwili wote unauma, nikisimama macho yanaingia giza, na jana nilishindwa kuinua ndoo ya kuogea. Wamenipima presha wakasema imeshuka, nikawaambia sijala vizuri. Sijawaambia ninavyotapika. Hapa wapo watu wanaosubiri nafasi, na mgonjwa anaondolewa kwenye orodha. Nikiondolewa, mfupa hausubiri.

Leo Daktari Peniel alitukusanya washiriki wote kwenye chumba cha mazoezi. Alisema kuna dawa moja ya hospitali, vidonge vidogo, ambayo watu wanaipenda sana kwa sababu inaondoa maumivu, inafungua kifua, inaleta hamu ya kula na kunenepesha uso. Mwenye maradhi yanayoihitaji anapewa kwa kipimo. Lakini ikitumika miaka bila mpango ndiyo hiyo hiyo inayoua mifupa. Akaongeza la pili, na hilo ndilo limeninyima raha. Anayeitumia muda mrefu, mwili wake unasahau kutengeneza nguvu yake wenyewe. Akiiacha ghafla anaishiwa. Akipasuliwa katika hali hiyo bila madaktari kujua, presha inashuka mezani na inaweza isirudi. Akasema kuna wauzaji wanaoisaga na kuichanganya kwenye dawa za kienyeji, kwa hiyo mwenye wasiwasi aseme, maana mficha maradhi kilio humfichua. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Aliniuliza mbele ya wote, kwa upole tu, dawa ya baba yako ina nini? Nikamjibu, "Baba yangu hauzi vidonge." Nilisema kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Sasa nakuuliza wewe. Ile siku ya kutwanga, kila Alhamisi, kwa nini ulikuwa unafunga mlango wa ghala na sisi tunatumwa kisimani? Niambie kuna kidonge ndani au hakuna. Kama hakuna, niapie kwa kaburi la mama, nami sitauliza tena.

Mwanao,
Janeth


Issuna,
15/2/2025

Janeth,

Marahaba. Sisi ni wazima.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeona mtu mwingine ndani yake. Nani amekufundisha kumhoji baba yako kama hakimu? Dawa hiyo ndiyo imekulisha. Ndiyo imekupeleka sekondari, ndiyo imenunua cherehani. Huyo daktari wako anakujua siku kumi, mimi nakujua tangu ukiwa na kitovu kibichi.

Na unavyoniambia umeanguka baada ya kuiacha, mbona unanishtaki kwa kitu kinachonisifu? Ndivyo ilivyo. Anayeiacha dawa yangu huumwa, akiirudia anapona siku hiyo hiyo. Wote ni hivyo. Mzee Leonidas aliiacha wiki moja wakati wa mavuno akabebwa kwa toroli, nikampa kijiko, jioni akaenda kilabuni. Mama yako alisahau kopo lake alipokwenda msibani kwao Misigiri, na unajua yaliyotokea siku ya tisa. Angebeba kopo lake tungekuwa naye mpaka leo. Dawa isiyo na nguvu ukiiacha huoni tofauti. Hii ukiiacha mwili wenyewe unaidai.

Basi fanya hivi. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi yenye unga, vijiko kama sita. Kunywa kimoja kila asubuhi mpaka siku ya kupasuliwa, utapata nguvu. Usimwambie mtu. Wao wana siri zao za kompyuta, na sisi tuna zetu.

Ugua pole.

Baba yako,
Simoni


Dodoma,
18 Februari 2025

Baba,

Shikamoo.

Sikunywa. Karatasi yako ipo hapa chini ya mto na barua yako ipo juu yake. Naandika nikiwa nimelala, usishangae mwandiko.

Nilikuomba uape kwa kaburi la mama. Hukuapa. Umeandika ukurasa mzima na kiapo hakimo.

Umeandika kwamba wote wanaoiacha huanguka. Baba, mzizi hauwi hivyo. Mtu akiacha mlonge haanguki, akiacha mwarobaini haanguki. Ulichoniandikia kwa kujisifu ndicho alichokisema Daktari Peniel neno kwa neno kuhusu vile vidonge. Na mama hakufa kwa sababu dawa ilikuwa nzuri. Nimelala hapa siku tatu nikiwaza siku zake tisa za Misigiri, alivyotapika, alivyosema macho yanaingia giza, na shangazi wakadhani amelishwa kitu msibani. Ni hivi hivi ninavyojisikia mimi. Leo ni siku yangu ya kumi na moja, na nadhani naishi kwa sababu ya maji ya chumvi na sukari wanayotupa hapa.

Kitanda cha pili yuko mama anaitwa Martha, wa kwetu Ikungi. Ana miaka thelathini na mmoja na watoto wawili. Yeye mfupa umeshabonyea pande zote mbili, wamemkataa kwenye utafiti, anasubiri kuambiwa kama atapata nyonga za chuma na atazilipiaje. Jana nilimuuliza alianza kuumwa lini. Akasema alianza na mgongo tu baada ya kujifungua mtoto wa kwanza, akiwa na miaka kumi na tisa, akanunua dawa mnadani kwa mzee mmoja, ikamsaidia sana, akaitumia miaka minne. Nikamuuliza alimwaminije mtu asiyemjua. Akasema, "Binti yake alikuwa anainywa mbele yetu. Katoto kazuri, kamekaa juu ya ndoo. Mzazi gani atamlisha mwanawe sumu?"

Sikumwambia kwamba katoto hako ni mimi. Nilijifunika shuka nikalia mpaka nesi akaja kuuliza kama ni maumivu. Nikasema ndiyo, ni maumivu.

Barua yako ningeweza kumpelekea daktari leo. Mkono umeenda mara tatu na mara tatu nimeurudisha. Wewe ni baba yangu. Sitaki kukutia mikononi mwa watu kwa kubahatisha, na bado kuna sehemu yangu inayotaka nikute nimekukosea. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi wananipasua, na anayejua kama nitaamka ni wewe. Basi la Jumamosi ndilo la mwisho. Likifika bila barua yako nitajua umechagua dawa.

Mwanao,
Janeth


Issuna,
21/2/2025, Ijumaa

Janeth mwanangu,

Salamu nimeziacha. Barua hii naipeleka stendi mwenyewe kesho alfajiri, simpi Gasto. Na kondakta nitamwambia asiiache stendi, akukabidhi hospitali mkononi. Ukiipata usiisome mpaka mwisho. Mpe kwanza daktari hiki kikaratasi kilichomo, ndipo uendelee.

Ni karatasi nimeibandua kwenye kopo la vidonge. Jina lake sijui kulitamka. Ni vidogo, vyeupe, kopo moja vinakuwa elfu moja. Kwenye kila ndoo ya unga natia makopo matano mazima, na ndoo inatoa makopo madogo mia moja. Daktari akipiga hesabu atajua kijiko kimoja kina kiasi gani. Kuna na vingine vya njano, navyo nilivitia kwa mwaka mmoja tu, nikaacha.

Sasa nikueleze, siyo nijitetee.

Ulipokuwa na miaka minane kifua kilikubana ukawa mweusi midomoni. Nilikubeba mgongoni mpaka zahanati. Mganga wa pale akatoa vidonge vya siku tano. Siku ya pili ulikuwa unakimbiza kuku. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria ubao wa jeneza, na wewe unakimbiza kuku. Vikabaki viwili, nikampa mama yako kwa magoti yake, akaamka akatwanga uwele wa siku mbili. Nikasema basi, hiki ndicho kitu. Wakati huo mizizi ya babu yako watu walikuwa wananunua kwa kunihurumia. Nilipoanza kusaga na vidonge walianza kunifuata mpaka nyumbani, wananiita daktari, wananiletea majogoo. Mtu aliyekuwa anatambaa anakuja anatembea. Wewe ungeacha?

Nilifunga mlango kwa sababu nilijua ningeitwa mwongo, siyo kwa sababu nilijua inaua. Hilo naapa, na naapa kwa kaburi la mama yako, ambalo juzi sikuweza kuapia. Nilidhani naficha ujanja wa biashara. Walipokuwa wanaanguka nilidhani ni nguvu ya dawa. Miaka kumi na sita nimeona watu wanaanguka na nikafurahi.

Ulivyoandika kuhusu mama yako Cecilia na siku zake tisa, niliiweka barua chini nikaenda kukaa zizini na mbuzi.

Mwonyeshe daktari barua zote. Jina langu asilifiche. Simoni wa Issuna.

Usikubali wakuguse Jumatatu kabla hajasoma.

Baba yako


Dodoma,
25 Februari 2025

Baba,

Barua yako nilikabidhiwa Jumamosi saa tisa alasiri. Nilishindwa kusimama kuipeleka, Martha akamwita nesi, nesi akampigia Daktari Peniel nyumbani kwake. Alikuja na nguo za kwenye sherehe. Alisoma kile kikaratasi kwanza, akachungulia macho yangu, akaagiza sindano palepale. Baada ya saa moja nilikaa nikaomba ugali. Aliniambia kwa upole kwamba kwa hali niliyokuwa nayo nisingefika Jumatatu jioni.

Nimeondolewa kwenye utafiti. Sheria yao ni kwamba mwenye dawa hiyo mwilini haingii, kwa sababu mfupa ukipona au ukizidi kufa hawatajua ni kwa sababu ya tundu lao au kwa sababu ya vidonge. Nafasi yangu kapewa kijana wa Kondoa. Sasa nameza vidonge vile vile vyako, ila kwa karatasi na kwa saa, vikipunguzwa kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili. Itachukua miezi mingi. Nikimaliza watanipiga picha tena. Kama mfupa haujabonyea nitaomba upya. Kama umebonyea nitakuwa kama Martha. Natembea na magongo, na mguu siruhusiwi kuukanyagia.

Martha nimemwambia. Aligeukia ukutani mpaka chakula kikaletwa kikapoa. Leo asubuhi alinisemesha kwa mara ya kwanza. Alisema asikie umesema mnadani, siyo hapa kwenye karatasi.

Lakini sikia hili, limetoka kwa daktari. Usisimame mnadani ukasema tu kwamba dawa ni mbaya. Wakisikia hivyo wataitupa siku hiyo hiyo, na watakaoitupa ndio watakaokufa. Nenda kwa kila mmoja. Mwambie asiiache mpaka afike zahanati, na nesi awe pamoja nawe. Ukikimbia au ukinyamaza, umewaua mara ya pili.

Mimi sijui bado nakuonaje. Nikifikiri ulivyonibeba mgongoni nalia, nikifikiri ndoo nakasirika, na yote mawili ni wewe. Usinijibu kwa maneno mazuri. Jibu ukiwa umekwenda.

Janeth


Issuna,
16/3/2025

Mwanangu Janeth,

Barua yako haikuwa na shikamoo wala haikusema mwanao. Sikuja kudai. Nimekaa wiki tatu bila kuandika kwa sababu uliniambia nijibu nikiwa nimekwenda.

Nimekwenda. Nesi Editha wa zahanati tulitembea naye, yeye na baiskeli, mimi kwa mguu. Makopo yaliyobaki nimempa yeye, na vidonge vyote, na ndoo. Polisi nilikwenda mwenyewe Ikungi, wameandika maelezo yangu, wamesema nirudi Alhamisi na nisitoke kijijini bila kuaga. Sijui Alhamisi nitarudi nyumbani au la. Mbuzi nimemwachia Gasto.

Watu wamenipokea kila mtu kwa namna yake. Mmoja alinifukuza na jembe. Mama mmoja alimwambia nesi kwamba nimelogwa, mimi siyo mwongo. Mzee Leonidas alinishika mkono akaniomba nimwachie kopo moja tu la mwisho, akasema kwa umri wake mfupa na ufe, ila asitambae. Nilitamani kumpa. Nesi alimwandikia kadi, ameanza kwenda zahanati.

Mnadani nilisimama Jumamosi. Nilisema kama ulivyoniagiza, usiache, njoo kwa nesi, na nesi alikuwa pembeni na meza. Wengine walicheka wakidhani napandisha bei. Lakini jioni meza ile ilikuwa imeandika watu ishirini na tisa. Mume wa Martha alikuwepo. Alisimama mbele yangu mpaka nikamaliza, akaondoka.

Kabla ya kuanza kutembea nesi aliniambia niandike majina yote ninayoyakumbuka, wanaonunua mara kwa mara. Nilikaa siku mbili. Yamefika sitini na mawili. Kumi na moja kati yao wameshafariki. Zamani kwa kila mmoja nilikuwa na sababu yake. Huyu uzee, yule malaria, yule mwingine nduguze walisema karogwa, na mimi nilikwenda misiba yote hiyo nikala na kuwafariji. Sasa sababu sina. Nesi alisema wafu hawahitajiki kwenye orodha yake, lakini nimewaandika, na nyumba zao pia nimepita. Bado tatu.

Meza vidonge vyako kwa saa waliyokupangia. Usiruke hata siku moja, hata ukijisikia mzima, mwanangu.

Baba yako,
Simoni